Miaka Yangu ya Kuwaambia Wateja Wazime Stima

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nililipwa na kampuni inayouza stima ili niwaambie wateja wake wapunguze kuinunua. Kama hilo halikuchekeshi, basi hujakaa ofisini kwetu vya kutosha. Nimestaafu mwezi uliopita. Nimepewa saa ya ukutani na blanketi, na vijana wa ofisi ya Meru wameniomba niandike niliyoyaona kabla sijayasahau. Sijui kwa nini wana haraka hivyo.

Naitwa Kagwiria. Wateja waliniita Madam wa Stima, na siku ambazo stima imepotea waliniita majina mengine ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa. Habari za vyeo sitazigusa. Vyeo vilinijia kwa nadra kama mvua ya Mitunguu, na mara nyingi vilinyeshea shamba la jirani.

Nilianza kazi Embu, nikiwa nimetoka tu chuo cha ufundi, nimevaa sketi ambayo mama alinishonea akiamini nimepata kazi ya kukaa mezani. Bosi aliniangalia, akaiangalia ngazi iliyoegemezwa ukutani, akaitazama tena sketi, kisha akasema, "Mpelekeni kwa Njeru."

Mzee Njeru alikuwa fundi wa mita, mtu wa Runyenjes, mwembamba, mwenye kofia ambayo sikuwahi kumwona akiivua isipokuwa wakati wa maombi. Alikuwa na karakana nyuma ya ofisi yenye harufu ya waya ulioungua na chai ya tangawizi. Sikumsikia hata mara moja akisema mwanamke hawezi kazi hii. Alisema tu, "Kesho njoo na suruali," na kesho yake nikaja na suruali, na mjadala wa jinsia katika idara yetu ukawa umekwisha.

Siku hizo kampuni ilikuwa imeanzisha kitengo kidogo cha kusaidia wateja kuokoa umeme. Sababu yake ilikuwa rahisi. Stima yetu nyingi ilitoka kwenye mabwawa ya mto Tana, na mvua ikikosa, mabwawa yanabaki matope, halafu kila mtu anarudi nyumbani jioni na kuwasha kila kitu kwa pamoja. Ni rahisi zaidi kumwomba mtu azime balbu moja kuliko kujenga bwawa jingine. Kitengo chenyewe kilikuwa watu wawili, Njeru na mimi, pamoja na pikipiki moja ambayo haikupenda vilima.

Kifaa chetu kikubwa kilikuwa klampu, ile mita yenye taya kama koleo. Unabana waya bila kuukata, inakuambia stima kiasi gani inapita. Njeru alikuwa na moja tu na aliifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Kifaa cha pili kilikuwa saa ya mkono. Cha tatu kilikuwa karatasi. Hicho cha tatu ndicho kilichonitia aibu siku yangu ya kwanza mtaani.

Tulikwenda kwenye bucha moja mjini Embu. Mwenyewe alilalamika kwamba friji inakula stima kuliko familia yake inavyokula nyama. Njeru akaniambia, "Pima mlango." Alikuwa amenifundisha asubuhi ile: unaweka karatasi kwenye mlango wa friji, unafunga, kisha unaivuta. Ikitoka bila kukwama, ule mpira wa mlango umechoka, baridi inatoroka, na mota haipumziki. Nilipapasa mfukoni nikakosa karatasi. Nikatoa noti ya shilingi hamsini, nikaibana mlangoni.

Mwenye bucha akaiangalia ile noti. Akaniangalia. Akakata kilo moja na nusu ya nyama, akaifunga kwenye gazeti, akaniwekea mkononi kimya kimya.

"Hii ni ya nini?" nikauliza.

"Si wewe umelipa?" akasema. "Nimekuongezea kidogo ili mwandike vizuri."

Njeru alitoka nje. Nilimsikia akicheka upande wa pili wa ukuta, kicheko cha mtu aliyeshika magoti. Nyama nilirudisha. Mpira wa mlango ulibadilishwa wiki hiyo, na friji ikaanza kunyamaza kwa vipindi, jambo lililomtia mwenye bucha hofu hadi akaja ofisini kuripoti kwamba tumeiua.

Wanangu, hilo lilikuwa somo la kwanza. Friji inayopumzika ni friji nzima, lakini hakuna mtu anayeamini kifaa kisichopiga kelele. Vivyo hivyo kwa mameneja.

Baadaye ukaja mradi wa balbu. Kampuni ilileta taa mpya za kuokoa umeme, zile zilizosokotwa kama mandazi yaliyokosea, na mteja alikuwa akileta balbu yake ya zamani anapewa mpya bure. Makao makuu walitutumia bango kubwa lililoandikwa OKOA UMEME. Bango hilo lilikuwa na taa sita za kulimulika, na fundi aliyelisimamisha alizifunga bila swichi, kwa hiyo ziliwaka mchana na usiku. Njeru aliomba ruhusa ya kuzikata. Akaandikiwa barua kwamba suala lake limepelekwa kwenye kamati. Akazikata bila ruhusa, na kamati haijajibu mpaka leo.

Tuliweka meza Runyenjes siku ya soko. Bodaboda zilikuwa zikishusha magunia ya kahawa na ndizi, na watu walipita wakitutazama kama watu wanaouza dawa ya panya. Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja mzee, Cucu Ruguru (cucu ni nyanya huku kwetu), aliyebeba balbu mbili ndani ya kikapu cha mayai.

"Nyinyi ndio mnauza stima?" aliniuliza.

"Ndiyo, cucu."

"Na mnanipa taa ili nitumie stima kidogo?"

"Ndiyo, cucu."

Akamgeukia Njeru, kwa sababu mimi nilionekana mdogo mno kuelezea uwendawazimu wa aina hiyo. "Njeru, mimi nakujua, nilimjua hata baba yako. Mwenye hoteli akija mezani kwako akikuambia usile sana, utafanya nini?"

"Nitaangalia jikoni, cucu," alisema Njeru. "Labda chakula ni kidogo na watu ni wengi."

Cucu akafikiri. Akatoa zile balbu. "Basi ungesema hivyo tangu mwanzo, badala ya kuandika mambo kwenye bango."

Kufikia saa sita watu walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye duka la pembejeo. Nilianza kushangaa balbu zote hizo zinatoka wapi, maana nilijua idadi ya mita za eneo lile na zilikuwa chache. Jibu lilifika saa nane likiwa limevaa koti na tai. Alikuwa mchungaji, ameingia kanisani kufanya mazoezi ya ibada akakuta soketi za balbu zikiwa tupu kuanzia madhabahuni hadi mlangoni. Njeru alimpa kiti, akampa boksi zima la taa mpya, akamwambia, "Mchungaji, kanisa lako ndilo la kwanza katika wilaya hii kuokoa asilimia mia moja." Mchungaji hakucheka siku hiyo. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya wanawali watano wapumbavu waliokosa mafuta ya taa zao, na waumini kadhaa waliangalia viatu vyao kwa muda mrefu.

Miezi michache baadaye tulizunguka nyumbani kwa watu kuona taa zinafanyaje kazi. Nusu yazo tulizikuta kabatini, zimetunzwa pamoja na vikombe vya wageni.

Njeru alistaafu, akarudi kulima kahawa kwake Runyenjes, na mimi nikahamishiwa Meru nikaachiwa klampu. Huko nilipewa wateja wakubwa, yaani biashara na taasisi, na nikagundua kwamba taasisi ni kama familia, tofauti ni kwamba bili haina mwenyewe. Chukua shule moja ya bweni kule Kaaga. Mtaa ule una shule nyingi hivyo msianze kukisia. Naibu wa mwalimu mkuu aliniita akidai wanafunzi wanaiba stima. Alinipeleka stoo akanionyesha koili za kuchemshia maji alizonyang'anya wasichana, zimejaa kwenye karai kama minyoo.

"Nataka uandike ripoti niwafukuze," alisema.

Nikamwomba anionyeshe boila kubwa ya shule. Nilitumbukiza mkono kwenye maji yake. Yalikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa na mgeni asiyependa sukari. Kidhibiti joto kilikuwa kimekufa, na bomba la kwenda mabwenini lilipita nje uwanjani, kwenye baridi ya Meru ya mwezi wa saba, bila kufunikwa hata na gunia. Shule ilikuwa ikiupasha moto uwanja wa netiboli. Nikamwambia, "Mwalimu, wasichana hawa wanaoga saa kumi na moja asubuhi. Ningekuwa mimi ningeleta koili mbili." Bomba likafunikwa, kidhibiti kikabadilishwa, na koili zikaacha kuja zenyewe. Hakuna aliyefukuzwa.

Niliondoka pale nikijiona mwerevu sana. Nawaambia hivyo kwa sababu ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipokwenda Mitunguu, na ndiyo maana nilifanya niliyoyafanya.

Mitunguu kulikuwa na kikundi cha wakulima wa ndizi waliokuwa na pampu moja ya stima. Pampu ilivuta maji mtoni, ikayasukuma kwenye bomba lililozikwa ardhini hadi kwenye tangi kubwa juu ya kilima, na kutoka hapo maji yakashuka mashambani. Kwa miaka mingi tangi lilijaa kufikia saa nne asubuhi, pampu ikazimwa. Kisha bili ikaanza kupanda, mwezi baada ya mwezi, hadi kikundi kikawa karibu kukatiwa stima. Mnajua jua la kule chini. Migomba bila maji kwa wiki mbili inainamisha kichwa kama watu waliofiwa.

Mwenyekiti alikuwa Mzee M'Ikiara, mwenye sauti ya kuongoza maombi na tumbo la kuongoza mikutano. Mwendesha pampu aliitwa Mutembei, mwanamume wa makamo, mkimya, aliyeishi kwenye kijumba cha matofali karibu na mto pamoja na mke wake na watoto watatu.

Nilifika asubuhi. Nikabana waya kwa klampu: mota ilikuwa inavuta stima kama ipasavyo. Nikapima joto la mota, nikasikiliza beringi, nikakagua nyaya. Yote mazima. Mutembei alisimama pembeni akinitazama. Nilipokuwa nikifunga vifaa alisema, "Madam, huko juu maji yanachelewa."

"Mimi ni wa stima," nilimjibu, bila hata kuinua kichwa. "Mambo ya maji uliza watu wa maji."

Nikafungua daftari lake la kazi. Pampu ilikuwa ikiwaka tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa tisa alasiri, mara mbili ya zamani. Hesabu ikaingia kichwani mwangu kama ufunguo kwenye kufuli. Mashine nzima, saa za kazi maradufu, tangi ni lile lile. Basi maji ya ziada yanakwenda mahali. Kule chini kulikuwa na wakulima wa vitunguu wasio wanachama, na mashamba yao yalikuwa ya kijani; nikaamini Mutembei anawauzia maji.

Alasiri hiyo wanachama walikusanyika chini ya paa la ghala la ndizi. Nilisimama nikasoma kwa sauti ya kitaalamu: "Pampu ni nzima. Stima haipotei kwenye mota. Pampu inaendeshwa saa nyingi kuliko mahitaji ya tangi. Nashauri kikundi kimchunguze anayeiendesha."

Sikutaja jina. Lakini pampu ilikuwa moja na mwendeshaji alikuwa mmoja.

Watu wote waligeuka kumtazama Mutembei. Akainua mkono aseme. Mzee M'Ikiara akasimama, akaomba tuombe, na katika maombi hayo akamshukuru Mungu kwa kufunua yaliyofichika. Kabla ya amina ya pili Mutembei alikuwa hana kazi, na kwa sababu kijumba kilikuwa cha kikundi, hakuwa na nyumba pia.

Nilirudi Meru nimeridhika. Ripoti ikasifiwa. Bosi aliitumia kwenye semina ya kuokoa nishati, iliyofanyika katika hoteli yenye viyoyozi vikivuma huku madirisha yamefunguliwa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na safari ya Embu, nikapitia kwa Njeru. Nilimkuta akipogoa kahawa, kofia ikiwa mahali pake. Mke wake akatuletea githeri ya mahindi na maharagwe, na mimi nikampa nakala ya ripoti, kama mtoto anayepeleka daftari lenye alama nzuri. Aliisoma polepole huku akitafuna.

"Ulipima maji?" akauliza.

"Mzee, mimi ni wa stima."

"Hiyo stima ilikuwa inakwenda kufanya nini?"

Nikachota kijiko kingine cha githeri.

"Mtu halipi stima ili awe na stima, Kagwiria. Analipa ili apate maji juu ya kilima. Umepima safari yote, ukasahau kuuliza kama abiria alifika." Akarudisha karatasi. "Huyu aliyefukuzwa, alisema nini?"

"Alisema..." Na hapo ndipo nilipoisikia tena sauti ya Mutembei. Huko juu maji yanachelewa. Niliweka sahani ya githeri chini. Njeru alitazama uso wangu, akaendelea kula. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Kesho yake alfajiri nilikuwa Mitunguu bila kuaga mtu ofisini. Niliazima mapipa mawili yanayolingana, na kijana aliyewekwa badala ya Mutembei akaniwashia pampu. Moja nililiweka mtoni, mahali bomba linapotoka kwenye pampu, nikafungua koki ya pembeni na kutazama saa yangu. Lilijaa haraka kuliko ninavyoweza kusema Baba Yetu. La pili nililipeleka kilimani, nikaliweka kwenye mdomo wa bomba juu ya tangi. Nilisema Baba Yetu, nikasema Imani ya Mitume, nikaanza zaburi. Pipa lilikuwa bado halijajaa.

Maji yalitoka mtoni na hayakufika. Kati ya hapo na pale kulikuwa na bomba, na bomba lilipita ardhini, kwa hiyo nikalifuata kwa miguu nikiangalia majani. Lilipita kwenye mashamba makavu, likapita nyuma ya shule ya chekechea, likaingia kwenye shamba lenye nduma, yale magimbi yanayopenda maji.

Sijawahi kuona nduma kama zile. Majani yake yalikuwa mapana kama masikio ya ndovu, kwenye nchi ambayo hata magugu yalikuwa yakiomba mvua. Nilikanyaga, kiatu kikazama hadi kifundoni. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni nikamuuliza shamba ni la nani.

"Ni la mwenyekiti," alisema. "Hizo nduma ndizo alipeleka kanisani sikukuu ya mavuno. Ziliinuliwa juu mbele ya watu, akasema ni baraka kwa sababu yeye hutoa fungu la kumi."

Mzee M'Ikiara alitoka nyumbani akanikuta nimesimama kwenye baraka zake.

"Madam, umepotea?"

"Hapana, mzee. Nimefika." Nikamwonyesha kiatu. "Hapa chini kuna nini?"

"Ni udongo mzuri tu."

"Mutembei hakukuambia kwamba maji yanachelewa kufika juu?"

Alikuna shingo. "Aliniambia. Nikamwambia aamke mapema."

Mpaka leo sijui kama alijua. Nafikiri alikuwa kama sisi wengi: mtu akipewa baraka haulizi inatoka kwenye bomba la nani.

Kuwaambia wanachama ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimepanda nguzo kwenye ngurumo. Kwanza nilimtafuta Mutembei. Alikuwa amejibanza na familia yake kwenye chumba kimoja cha shemeji yake, akifanya vibarua vya kukata ndizi. Mke wake aliponiona aliwaingiza watoto ndani na kufunga mlango. Nilimwambia Mutembei, hapo hapo uani, kwamba nilikosea, na nikamwomba aje mkutanoni anisikie nikisema hivyo mbele ya wote. Alifuta panga lake kwa jani la mgomba, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Nitakuja," alisema.

Bosi wangu alinipigia simu jioni ile. Aliposikia, akasema hakuna haja ya kujidhalilisha. Niandike tu kwamba "uchunguzi wa ziada umebaini uvujaji". Nilimwambia uvujaji wa kwanza ulikuwa kwenye ripoti yangu. Akasema nisije nikalaumu mtu baadaye. Nilimwahidi kwamba nimeshampata wa kumlaumu.

Chini ya lile paa la ghala, mbele ya watu wale wale, nilisema kwa Kimeru, bila karatasi, kwa sababu Kiswahili cha ofisi kina sehemu nyingi za kujificha. Nilisema: huyu mtu hakuiba maji wala stima. Aliniambia ukweli siku ya kwanza na mimi sikumsikiliza. Bomba limepasuka, maji yanamwagika ardhini, na pampu inafanya kazi mchana kutwa kwa sababu hiyo. Kosa ni langu.

Hakuna aliyeuliza maji yanamwagika kwa nani. Kila mtu alikuwa ameshaona zile nduma.

Mutembei akasimama. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea sentensi mbili mfululizo.

"Madam," alisema, "mota uliipima na mashine. Waya uliupima na mashine. Na mimi ulinipima na mashine gani?"

Niliinamisha kichwa. Kule mtoni pampu iliendelea kuvuma, ikijisumbua bure.

Kikundi kikamwomba arudi. Alisema atarudi kwa sharti moja: mwenyekiti achimbue lile bomba mwenyewe, kwa mikono yake. Kulikuwa na minong'ono, watu wakaangalia pembeni, kisha akina mama wa kikundi wakaanza kupiga makofi, na baada ya hapo hapakuwa na pa kukimbilia. Asubuhi iliyofuata Mzee M'Ikiara alivua koti, akashika jembe, akaingia kwenye nduma zake. Haki yake nimpe: alichimba kweli. Kufikia saa tano alikuwa na matope hadi kwenye kope, na ndipo ilipoonekana pale bomba lilipochanika, mdomo wazi urefu wa mkono, maji yakiruka kama kitu kilichofungiwa kwa muda mrefu.

Mutembei alizima pampu. Akashuka kwenye shimo na msumeno wa chuma, akakata kile kipande kibovu, akaanza kupachika kipya. Nilisimama ukingoni na klampu yangu, ambayo siku hiyo haikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa nimebeba maneno mengi moyoni tangu usiku. Mwishowe nikainama, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama amenisamehe.

Hakuinua kichwa. Alikuwa akipambana na kile kipande kizito ambacho hakikutaka kukaa sawa.

"Shika hapa," alisema.

Nikavua viatu, nikaingia kwenye matope, nikashika.